Uji wa Kitanda cha Saba

Kila siku ya kazi, saa kumi na nusu jioni, niliweka beseni la maji ya sabuni nje ya mlango wa nyuma. Kando yake niliweka leso kavu na ndara. Halafu nilimwingiza mdogo wangu Ian ndani, nikafunga komeo na kumshika shati, kwa sababu alikuwa na miaka mitano na kwake korona ilikuwa neno la redioni tu. Mama alikuwa akirudi kutoka hospitalini, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba hakuna kumgusa mpaka aloweke yunifomu na aoge.

Huo ulikuwa mwaka wa 2020. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Oktoba walirudi darasa la nne na la nane, na sisi wa darasa la sita tukaachwa nyumbani na masomo ya redio. Tuliishi Kitale, mtaa wa Tuwani, katika ploti ya nyumba sita zinazotazamana. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Juba, Sudan Kusini, na simu yake ilishika mara moja kwa wiki, Mungu akipenda. Mama, Phelista, alikuwa muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa korona.

Jina langu ni Nasimiyu, lakini Mama hakuwahi kuniita hivyo. Hilo lilikuwa jina la nyanya yake, aliyemlea kule Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Kwetu Wabukusu, mtoto akipewa jina la mtu anapewa na heshima yake. Kwa hiyo Mama aliniita Kukhu, yaani nyanya. Mama yake, Nyanya Edinah, aliniita Mayi, yaani mama, maana mimi ndiye mama yake aliyerudi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu: msichana wa miaka kumi na miwili ana binti wa miaka sabini! Mimi nilijivunia sana. Nikitumwa dukani nilimuuliza Mama, "Ati unamtuma nyanya yako chumvi?" Naye alicheka, akaniambia niende kabla hajasahau kwamba mimi ni mzee.

Mwezi wa Oktoba kicheko hicho kiliisha.

Kwanza ilikuwa mikono. Mama aliiosha mara tatu, mara nne, kwa maji yenye dawa kali ya jiki, mpaka ngozi ikapasuka kwenye vifundo vya vidole. Kisha akaanza kula akitazama ukuta. Siku moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akaweka kikombe chini bila kukunja uso. Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye kiti kilekile nilichomwacha jana yake, kitanda chake hakijaguswa.

Alasiri moja Ian alikuwa amesinzia kwenye kochi. Mama alikuwa amemwinamia, saa ya mkononi karibu na macho, midomo ikichezacheza.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza, nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Pumzi zake," alisema. "Zisipungue."

Ian hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa amechoka kwa kufukuzana na mpira tu.

Halafu ikaja habari ya simu. Wodini wageni hawakuruhusiwa. Mgonjwa akitaka kusikia sauti ya mtu wake, Mama alimshikia simu yake mwenyewe sikioni, ameifunika kwa plastiki. Wengine walipona wakaenda nyumbani. Wengine, sauti hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kusikia. Namba ya Mama ikabaki kwenye simu za watu kule Kiminini, Moi's Bridge, mpaka Bungoma, na watu hao hawakuacha kupiga. "Sista, alisema nini mwisho?" "Sista, alituuliza?" Utawalaumuje? Mimi pia ningepiga.

Jumatano moja simu ililia Mama akiwa ameshika sufuria ya maziwa. Aliiachilia. Maziwa yalimwagika jikoni kote, na yeye akasimama katikati yake, mikono masikioni, mpaka mlio ukakatika. Ndipo akaichukua simu kwa ncha za vidole na kunipa.

"Kukhu, chukua hii kitu. Kaa nayo."

"Hata ukienda kazini?"

"Hata nikienda kazini. Mtu akipiga, mimi siko. Nimelala, nimeenda sokoni, sema lolote. Siwezi kuisikia tena."

"Na Nyanya akipiga?"

"Mwambie niko sawa. Sista Wangechi pia, mwambie niko sawa." Huyo Sista Wangechi alikuwa mkuu wa wodi yao. Mama alinishika mabega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki nyingi. "Wakijua, watasema Phelista amerukwa na akili. Nani atamwachia mwendawazimu sindano? Nitafutwa kazi, na hapa ploti watapata sababu ya kutufukuza. Usimwambie mtu. Umesikia?"

Nilisikia. Na kuhusu ploti hakuwa anatia chumvi. Jirani yetu, Mama Kibe, alikuwa ameshahamisha kamba yake ya nguo mbali na yetu, na mwanawe Kibe alikatazwa kucheza na Ian. Tulipopita, watu walivuta barakoa juu mpaka machoni. Basi nikaapa moyoni kwamba siri ya Mama haitatoka kwangu.

Nakwambia, nilikuwa mwongo hodari. Sauti yangu kwenye simu inafanana na ya Mama mpaka Baba huchanganyikiwa. Kwa wageni nilijifanya yeye: "Haloo, Sista Phelista hapa." Kwa Sista Wangechi nilikuwa mimi mwenyewe, maana yeye alinijua.

"Mama anakula?" aliuliza.

"Anakula vizuri sana, Sista."

"Analala?"

"Kama mtoto!"

"Haya basi. Mwambie Alhamisi tuna kikao chetu cha wafanyakazi, aje. Nikimwambia hapa ananiambia ana haraka ya nyumbani."

Sikumwambia Mama. Niliona kikao ni mahali pa kumchunguza. Usiku huohuo, kama ilivyokuwa kila siku, Mama alikula akitazama ukuta, nami nikajiambia kwamba namlinda.

Miongoni mwa waliopiga alikuwako Sellah wa Kiminini. Baba yake alikuwa kitanda cha saba. Hakuwa msumbufu, maskini. Kila jioni aliuliza jambo moja tu: "Sista, leo amekula?" Mara za kwanza nilimuuliza Mama mlangoni nikijifanya ni mimi ninayetaka kujua, naye alinijibu kwa kutikisa kichwa, ndiyo au hapana. Jumamosi ya mwisho Mama alirudi, akaoga, akapita mbele yangu macho yakiwa mbali. Nilimuuliza, "Wa kitanda cha saba amekula?" Aliingia chumbani akafunga mlango.

Saa kumi na moja Sellah akapiga. "Sista, leo amekula?"

Ningesema sijui. Ilikuwa rahisi hivyo! Lakini nilisikia alivyokuwa akishika pumzi, nikamhurumia.

"Amekunywa uji," nilisema. "Kikombe kizima. Na ameuliza habari zenu."

"Ai, asante Yesu!" Sellah alipiga kelele, nikasikia watu nyuma yake wakishangilia. "Asante sana, Sista. Leo tutalala."

Nilikata simu nikiwa na furaha. Sikujua kwamba mzee huyo alifariki asubuhi ile saa nne, wala kwamba hospitali ilikuwa ikimtafuta kaka yake Sellah, ambaye simu yake ilikuwa imezimwa.

Jumapili, baada ya ibada ya redioni, Nyanya Edinah alipiga. Yeye sikuweza kumdanganya kwa sauti, kwa hiyo kwa wiki tatu nilikuwa nimemwambia kwamba Mama yuko kazini. Juma lililopita alikuwa amenionya, "Jumapili ijayo lazima nisikie mtoto wangu mwenyewe." Niliiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Halafu nikaandika ujumbe kwa jina la Mama, taratibu, kama ninayeandika insha ya mtihani: "Mama, hatujambo. Kazi ni nyingi lakini niko sawa. Nasimiyu na Ian wanasoma vizuri. Tutaongea nikipata nafasi." Nikausoma mara mbili. Nikaona hauna kosa hata moja, nikautuma.

Jumatatu saa tano asubuhi nilikuwa nikisonga ugali wa mapema wa Ian niliposikia mlango wa mbele. Beseni lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, kavu. Mama aliingia na yunifomu yake na viatu vya wodini, akapita moja kwa moja hadi sebuleni, akaketi. Ian alimkimbilia akamkumbatia miguu. Mama aliinua mikono juu asimguse, lakini hakumwambia aondoke.

Nilimvuta Ian. "Mama, hujaoga!"

"Wamenirudisha nyumbani," alisema. "Watoto wa mzee wa kitanda cha saba wamekuja kuchukua mwili. Yule binti amelia mbele ya kila mtu. Ati Jumamosi jioni nilimwambia baba yake amekunywa uji." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kukhu, mimi mwenyewe nilimfunika shuka yule mzee saa nne asubuhi. Wangechi ameniuliza kama nilisema hivyo. Nimemwambia sikumbuki. Na kweli sikumbuki. Kumbe sasa nasema vitu nisivyovijua."

Nilitaka kukiri, sikuthubutu. Nilifikiria Sellah na watu wake wakishangilia. Nilifikiria Mama akijua ni mimi.

Mama alisimama, akaenda chumbani, akaanza kukunja nguo za Ian na kuziweka kwenye begi. Alikunja vizuri mno, kila soksi na mwenzake. Kisha akatoa kitambulisho chake na ufunguo wa kabati akaviweka mezani mbele yangu.

"Kesho mtaenda Mabanga kwa Nyanya. Ana nafasi ya kutosha."

"Na wewe?"

"Mtu anayeongea bila kujua anaweza kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Anaweza hata kuwadhuru nyinyi. Si vizuri niwe karibu na watu."

"Lakini utaenda wapi, Mama?"

"Mahali pa kunyamaza," alisema kwa upole. "Nimechoka, Kukhu. Nataka kunyamaza tu."

Upole ule ndio ulionitisha. Angenifokea ningepata nafuu. Nilikitazama kile kitambulisho mezani na nikaelewa, bila mtu kunieleza, kwamba mama yangu alikuwa akiaga.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Mama alijikunyata. Ilikuwa Nyanya. Mama alitikisa kichwa, akanong'ona, "Mwambie niko sawa."

Nilipokea.

"Mayi," Nyanya alisema bila salamu, "ule ujumbe wa jana aliuandika nani?"

"Mama."

Nilisikia jogoo wa Mabanga akiwika.

"Phelista hajakuita Nasimiyu hata siku moja. Hata ulipougua surua tukadhani tunakupoteza, alikuwa akilia, 'Kukhu, Kukhu!' Leo akuandike Nasimiyu kama karani wa shule? Nimeusoma mara kumi, sikulala. Kuna mtu anaongea kwa mdomo wa mtoto wangu. Niambie ukweli. Yuko hai?"

Mama alikuwa akinitazama, soksi moja ya Ian mkononi. Nilikuwa nimemwahidi. Nilikuwa nimeapa.

"Yuko hai, Nyanya, lakini hayuko sawa!" Nilipiga kelele mpaka Ian akaanza kulia. "Hali vizuri, halali, anataka kwenda mahali pa kunyamaza! Ujumbe ni mimi niliandika! Na Mama, ule uji pia ni mimi! Ni mimi nilimwambia Sellah, si wewe! Wewe hukusema chochote! Akili yako haijapotea, Mama, ni mimi nilidanganya!"

Mama aliketi kitandani polepole.

"Ni wewe?" aliuliza. "Kwa hiyo sikusema?"

"Hukusema."

"Sikusema," alirudia. Uso wake ukakunjamana, na akalia kwa sauti, kilio cha miezi yote ile. Nilimrukia nikamshika shingoni, yunifomu na korona yake yote. Sikujali.

"Mayi!" Nyanya alikuwa akiita simuni. "Natoka sasa hivi. Usimwache peke yake, hata akienda msalani simama mlangoni. Na mpigie huyo mkubwa wake wa kazi. Sasa hivi, umesikia?"

Nilimpigia Sista Wangechi. Nilimweleza yote, nikilia, bila kupanga maneno. Alifika kabla ugali haujapoa, barakoa mbili usoni. Alimwambia Mama aoge kwanza, mimi nikaleta beseni. Halafu akaketi naye kwenye ngazi za nyuma, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Phelista, unajua mimi nikiwa nyumbani napika, nasikia mashine za wodi zikilia? Nazima jiko, naenda kutafuta mlio. Hakuna kitu. Mume wangu alidhani nimeharibika."

Mama alimtazama. "Hata wewe?"

"Hata mimi. Na kijana wa maabara, na daktari wetu mmoja. Ndiyo maana tunakutana Alhamisi na mshauri. Nimekualika mara tatu kupitia kwa huyu msichana wako."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Nilijiambia Phelista ni imara, hata mtoto wake anasema analala," Sista Wangechi aliendelea. "Nilipaswa kuja mwenyewe. Hilo ni kosa langu. Lakini sikia, huu si wazimu. Umeumia kazini, vile mkata miwa anavyoumia na panga lake, na kidonda kinatibiwa. Mambo ya kitanda cha saba nitayaeleza mimi pale hospitalini. Hakuna anayekufukuza."

Alasiri hiyohiyo alimpeleka Mama kumwona daktari wa mambo ya akili. Mama alipewa likizo, dawa za kumsaidia kulala, na siku za kuzungumza na mshauri.

Nyanya alifika saa tisa, leso amejifunga mdomoni kama barakoa, kwa sababu barakoa zake mbili zilikuwa zimelowa jasho njiani. Mama aliporudi, Nyanya alimtandikia, akamfunika, akakaa kando yake mpaka akalala usingizi wa kweli. Kisha akaniita jikoni. Nilijua yanayokuja, nikasimama wima.

"Mama yako alikosea kukupa ile simu," alisema. "Nitamwambia akipata nguvu. Mzigo ule si wa mtoto. Lakini na wewe, Mayi, sikiliza. Ulimhurumia yule Sellah ukampa kikombe cha uji kisichokuwako. Kikombe hicho nusura kimwondoe mama yako hapa duniani, kwa sababu aliamini amepoteza akili. Umeona?"

"Nimeona, Nyanya."

"Mtu mzima unayempenda akizidiwa, na akakuambia usiseme, wewe sema. Niambie mimi, mwambie mwalimu, mwambie Sista. Hata akikukasirikia. Hasira yake itaisha, na yeye atakuwepo. Na huyo mwanamke wa Kiminini, umemwambia ukweli?"

"Bado."

"Basi kazi yako haijaisha," alisema, akainuka kuosha vyombo.

Ilinichukua siku nne kupata ujasiri. Ijumaa nilimpigia Sellah, nimeketi kwenye ngazi za nyuma, Mama kando yangu na kikombe cha chai. Nilimwambia kwamba mimi ni mtoto wa Sista Phelista, na kwamba ule uji niliutunga.

"Siku ile nilichinja kuku," alisema. "Tulikula tukicheka. Baba akiwa amelala mochari, mimi nilikuwa nacheka."

"Nisamehe," nilisema. Machozi yalinidondoka magotini.

"Sijui kama nitaweza leo." Akavuta kamasi. "Lakini asante kwa kuniambia. Mama yako... yeye alikuwa pale? Mwisho?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa amesikia. Aliweka kikombe chini, akaunyoosha mkono wake uliopasuka vifundo.

"Lete, Kukhu."

Nilimpa. Aliiweka sikioni.

"Sellah, ni mimi, Phelista mwenyewe. Hapana, hakunywa uji. Aliukataa. Lakini nilikuwepo, nilimshika mkono. Hakuwa peke yake."

Akasikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu, akijibu neno moja moja, na mara mbili alifuta macho kwa ukingo wa leso. Ng'ambo ya uwanja Mama Kibe alikuwa akianika nguo, kwenye kamba yake ya zamani, karibu na yetu. Hakuwahi kutuomba msamaha, lakini kamba aliirudisha, na Kibe alikuwa amesimama langoni akiusubiri mpira wa Ian.

Mama alipomaliza nilinyoosha mkono kuichukua simu, kama nilivyozoea. Yeye aliitia mfukoni mwake.

"Hii ni yangu," alisema. "Wewe nenda ukacheze."